Maumivu ya Mtoto Baada ya Kupasuliwa: Njia ya Ganzi ya Sehemu

Mzazi wa Endagikot, kama mzazi mwingine yeyote wa Mbulu au Hanang, anayempeleka mtoto wake hospitalini kupasuliwa huwa na hofu mbili. Hofu ya kwanza ni kwamba mtoto atalazwa usingizi wa dawa na hataamka tena. Hofu ya pili haisemwi mara nyingi, lakini kila aliyewahi kulala wodini anaijua: ni usiku wa kwanza. Dawa ya usingizi imekwisha nguvu, daktari amekwenda zake, muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mama humbeba, humbembeleza, humwimbia. Na kulipokucha watu humwambia kwamba hiyo ndiyo kawaida ya kisu, avumilie, kidonda kitapona.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usiku wa namna hiyo si kawaida ambayo lazima tuikubali. Zipo dawa rahisi, zinazojulikana tangu miaka mingi, ambazo zikiwekwa mahali panapostahili na kwa kipimo kinachostahili huweza kuuzuia uchungu wa mtoto kabla haujaanza. Elimu hiyo huitwa ganzi ya sehemu. Msingi wake ni fiziolojia, kemia na hesabu, yaani mambo yale yale yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Maumivu husafirije?

Mwanafunzi aliyewahi kujikwaa kidole gumba anajua kwamba maumivu huja mara mbili. Kwanza huja mchomo mkali wa ghafla. Kisha, baada ya muda mfupi sana, hufuata uchungu mzito unaokaa. Sababu yake ni kwamba habari ya jeraha hupelekwa na neva, au mishipa ya fahamu kama wengi wanavyoiita, za aina mbili. Aina ya kwanza ina ala nyembamba ya mafuta, nayo hupeleka habari kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Aina ya pili haina ala hiyo, na mwendo wake hauzidi mita 2 hivi kwa sekunde.

Habari hizo huingia kwanza katika ugwe mgongo, ule uzi mnene wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo hupanda hadi ubongoni, na ni ubongo unaozitafsiri kuwa maumivu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia kwamba ndani ya ugwe mgongo kuna kitu mfano wa lango, linaloweza kupanuliwa au kubanwa. Mtu anapojigonga kiwiko na kukisugua, habari za mguso hulibana lango hilo kwa kiasi fulani, na uchungu hupungua. Kwa hiyo mama anayempapasa mwanawe aliyeanguka anafanya jambo lenye msingi wa sayansi.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba maumivu yanaweza kupingwa mahali patatu. Twaweza kuyapinga penye kidonda, kwa dawa kama ibuprofeni inayopunguza kemikali za uvimbe. Twaweza kuyapinga ubongoni na katika ugwe mgongo, kwa dawa kama mofini. Na twaweza kuyapinga njiani, kwa kuifunga neva yenyewe isipitishe habari. Njia hii ya tatu ndiyo ganzi ya sehemu.

Yafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Nusukaputi humlaza mgonjwa asijue linalotendeka, lakini habari za jeraha huendelea kusafiri kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ugwe mgongo wakati wote wa upasuaji. Mwili huzipokea na kuzijibu: mapigo ya moyo huongezeka, homoni za mfadhaiko humwagwa katika damu, sukari hupanda. Mtoto amelala, lakini neva zake ziko macho. Ganzi ya sehemu hufanya kinyume chake, kwani huinyamazisha neva, mtoto awe amelala au yu macho.

Dhana ya kwamba mtoto mchanga hasikii

Msomaji anaweza kushangaa kuambiwa kwamba hata katika nchi zilizoendelea, mpaka miaka ya 1980, walikuwako waganga wengi walioamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, kwa kuwa neva zake bado hazijakomaa. Kwa sababu hiyo, na kwa kuhofia kwamba dawa kali zingemdhuru, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu tu.

Mwaka 1987 daktari K. J. S. Anand na wenzake, waliofanya kazi Oxford nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya utafiti uliobadili mawazo hayo. Waligawa watoto njiti waliohitaji upasuaji katika makundi mawili: kundi moja lilipata utaratibu wa kawaida wa siku zile, na la pili likaongezewa dawa kali ya maumivu. Watoto wa kundi la pili walionyesha ongezeko dogo zaidi la homoni za mfadhaiko, na walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Kumbe kuyazuia maumivu hakukuwa huruma peke yake; kulikuwa sehemu ya tiba.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake nchini Kanada walionyesha jambo jingine la kutafakari. Watoto wa kiume waliotahiriwa wakiwa wachanga bila dawa ya kutuliza maumivu walilia na kukunja uso zaidi walipochomwa sindano ya chanjo miezi kadhaa baadaye, kuliko wale waliopakwa dawa ya ganzi wakati wa kutahiriwa. Mtoto hawezi kusimulia yaliyompata, lakini neva zake zimekwisha kuyaandika.

Katika jamii zetu nyingi kijana husifiwa kwa kustahimili uchungu, na neno «jikaze» husemwa hata kwa mtoto wa miaka miwili. Ushujaa ni sifa njema kwa yule aliyekwisha kufikia umri wa kuuchagua. Mtoto mdogo mwenye ngiri hakuingia katika mashindano yoyote ya ushujaa. Zaidi ya hayo, maumivu yana madhara yanayopimika: mtoto aliyepasuliwa tumbo huogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, na hivyo huwa katika hatari ya kupata nimonia, hukataa kunyonya au kula, halali, na mara nyingine huondoka hospitalini na hofu ya koti jeupe itakayomfuata miaka mingi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na anayekilalia kitanda hiki bado hajajua hata kuzungumza.

Asili ya dawa ya ganzi

Dawa ya kwanza ya ganzi ilitokana na majani ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1884 daktari kijana Carl Koller wa mjini Vienna alitambua kwamba tone la kokeini likiwekwa jichoni, jicho huweza kupasuliwa bila mgonjwa kusikia uchungu. Mwaka 1898 August Bier, akiwa Kiel nchini Ujerumani, aliingiza kokeini katika maji yanayozunguka ugwe mgongo na kufisha ganzi nusu ya chini ya mwili. Miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo kabisa walikuwamo watoto. Kwa hiyo fikra ya kumtumia mtoto ganzi ya sehemu ina umri sawa na ganzi ya uti wa mgongo yenyewe.

Kokeini ilikuwa na sumu nyingi, tena huzoesha. Wanakemia walitafuta dawa nyingine zenye umbo la molekuli linalofanana nayo kwa sehemu. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokeini, ambayo hospitalini kwetu huitwa pia lignokeini. Na mwaka 1957 huko huko Sweden ikapatikana bupivakeini, ambayo nguvu yake hudumu muda mrefu zaidi. Dawa hizo mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ile ya watu wazima na ile ya watoto pia.

Zinafanyaje kazi? Neva hupitisha habari kwa kufungua milango midogo sana katika ngozi ya seli yake, ili ioni za sodiamu ziingie ndani kwa kasi. Kuingia kwa ioni hizo mahali pamoja hufungua milango ya mahali panapofuata, na hivyo habari husonga mbele, kama moto unavyotembea katika nyasi kavu. Molekuli ya dawa ya ganzi hupenya ndani ya neva na kuiziba milango hiyo. Sodiamu isipoingia, moto huzimika hapo hapo. Baada ya saa kadhaa damu huiondoa dawa, milango hufunguka, na neva hurudia kazi yake kama kwanza.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Mwili wa mtoto una tofauti ambazo mtaalamu wa usingizi hana budi kuzijua. Katika mtu mzima ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Katika mtoto aliyezaliwa karibuni hushuka hadi kwenye pingili ya tatu, kwa kuwa mifupa bado haijaurefukia. Sindano isiyo na hatari kwa baba yaweza kumdhuru mwana ikichomwa mahali pale pale.

Lakini umbile la mtoto lina faida pia. Neva zake zina ala nyembamba, kwa hiyo dawa hafifu hutosha. Mafuta yaliyo kando ya utando wa ugwe mgongo ni laini, na dawa huenea ndani yake kwa urahisi. Tena mtoto wa chini ya miaka minane hivi, tofauti na mtu mzima, ni nadra shinikizo la damu yake kushuka sana kwa sababu ya ganzi ya aina hii.

Njia inayotumika zaidi kwa watoto wadogo ni ile tunayoweza kuiita ganzi ya kifandugu. Chini kabisa ya uti wa mgongo, juu kidogo ya kifandugu, kuna kijidirisha katika mfupa kilichofunikwa na utando. Kwa mtoto kijidirisha hicho huweza kupapaswa kwa kidole. Mtaalamu hupitisha sindano fupi hapo na kumimina dawa katika nafasi iliyo nje ya mfuko wa ugwe mgongo. Dawa hupanda taratibu na kuzifunga neva za miguu, kinena na tumbo la chini. Daktari Meredith Campbell wa Marekani alieleza matumizi ya njia hii kwa watoto mwaka 1933. Na mwaka 1979 Edward Armitage wa Uingereza akatoa kanuni rahisi ya kukadiria dawa kwa uzito wa mtoto, ambayo wataalamu wanaikumbuka hadi leo.

Kwa kawaida mtoto hulazwa kwanza kwa nusukaputi, kisha ndipo hupewa ganzi, kwa sababu mtoto anayefurukuta hawezi kuchomwa sindano kwa usalama. Faida ni kwamba kiasi cha nusukaputi kinachohitajika hupungua, na mtoto anapoamka huamka bila uchungu. Ziko pia ganzi za neva mojamoja: ya kinena kwa ajili ya ngiri, ya uume kwa ajili ya tohara, ya paja kwa ajili ya mfupa wa paja uliovunjika, na ya kwapa kwa ajili ya mkono. Tangu miaka ya 1990 mashine za altrasaundi zimewawezesha wataalamu kuiona neva na ncha ya sindano kwa wakati mmoja, na hivyo kutumia dawa kidogo zaidi.

Hesabu inayookoa maisha

Tuchukue mfano, ili mwanafunzi aone jinsi hesabu ya darasani inavyoingia katika chumba cha upasuaji. Tuseme mtoto wa miaka mitatu anatoka Endagikot kwenda hospitali ya Mbulu mjini kupasuliwa ngiri. Uzito wake ni kilo 12.

Kikomo cha bupivakeini ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto huyu, 12 mara 2.5 ni miligramu 30. Mtaalamu anaamua kumpa mililita 0.75 za dawa ya asilimia 0.25 kwa kila kilo, yaani mililita 9. Dawa ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita. Kwa hiyo mililita 9 zina miligramu 22.5, na mtoto yu chini ya kikomo.

Sasa tuseme dawa iliyopo hospitalini ni ya asilimia 0.5, yenye miligramu 5 katika kila mililita. Mtaalamu atachukua mililita 4.5 za dawa na kuongeza mililita 4.5 za maji ya chumvi ya hospitali. Atapata mililita 9 zenye miligramu zile zile 22.5. Kama angesahau kuongeza maji na kujaza sindano yote kwa dawa tupu, mtoto angepata miligramu 45, mara moja na nusu ya kikomo.

Na tuseme hakuna mizani, na mtu akakadiria kwa macho kwamba mtoto ana kilo 18. Hapo angepewa mililita 13.5 zenye miligramu 33.75, na kikomo kingekuwa kimevukwa bila mtu kujua. Chombo cha kwanza cha usalama katika elimu hii, basi, ni mizani, kisha kalamu na karatasi. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kikomo hupunguzwa zaidi, kwa kuwa protini inayoishika dawa katika damu yake ni kidogo na ini lake halijakomaa.

Ganzi ikiisha

Ganzi ya kifandugu kwa bupivakeini hudumu yapata saa nne hadi sita. Mtoto wetu akipewa saa nne asubuhi, uchungu unaweza kuanza kurudi tangu saa nane mchana. Kosa linalofanyika mahali pengi duniani ni kungoja alie ndipo itafutwe dawa. Kinga ni bora kuliko tiba: dawa ya pili inapaswa kuwa mwilini kabla ya ganzi kuondoka.

Parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Kwa kilo 12 ni miligramu 180. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 itampa kipimo chake kwa mililita 7.5. Akipewa mara ya kwanza saa saba mchana, atapewa tena saa moja jioni, saa saba usiku, na saa moja asubuhi. Ibuprofeni inaweza kuongezwa kama daktari anaona inafaa. Dawa ya aina ya mofini hubaki kuwa akiba kwa uchungu unaozidi. Hesabu hizi zimetolewa kwa kufundishia. Vipimo vya mgonjwa halisi ni kazi ya mganga wake.

Lakini muuguzi atajuaje kwamba mtoto asiyeweza kusema anaumia? Mwaka 1997 wataalamu wa Michigan, Marekani, walitoa kipimo chenye vipengele vitano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kubembelezeka. Kila kipengele hupewa alama 0, 1 au 2. Mtoto aliyetulia, miguu imelegea, halii, hupata 0. Mtoto aliyekunja uso, anayepiga mateke, asiyebembelezeka kabisa, hukaribia 10. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fedha. Maumivu yakiandikwa katika karatasi ya mgonjwa pamoja na joto na mapigo ya moyo, hayawezi tena kupuuzwa kwa urahisi.

Hatari zake

Hakuna dawa isiyo na hatari, na mwalimu atafanya vema kuwaeleza wanafunzi pande zote mbili. Hatari kubwa ya dawa za ganzi ni kuingia kwa wingi katika damu. Mtu mzima huanza kusikia ganzi midomoni na mlio masikioni. Kisha huja degedege, na mwisho moyo unaweza kusimama. Mtoto aliyelala hawezi kutoa onyo la kwanza. Ndiyo maana mtaalamu huvuta bomba la sindano nyuma kuhakikisha hakuna damu, humimina dawa taratibu kwa mafungu, na huangalia mapigo ya moyo wakati wote. Mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake wa Chicago walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba mchanganyiko wa mafuta unaoingizwa katika mshipa wa damu huwasaidia kustahimili sumu ya bupivakeini, na tiba hiyo sasa imo katika miongozo ya kimataifa.

Hatari nyingine ni uambukizo ikiwa usafi si kamili, na kuvuja damu kwa mtoto ambaye damu yake haigandi vizuri. Aidha, mguu uliovunjika au uliofungwa plasta huweza kuvimba kwa ndani hata damu isipite; maumivu makali ndiyo kengele ya hatari hiyo, na ganzi nzito inaweza kuizima kengele. Kwa mgonjwa wa namna hiyo daktari wa mifupa na mtaalamu wa usingizi hupatana kabla ya kisu, na wauguzi hupima rangi, joto na mwendo wa vidole usiku kucha.

Mambo hayo yakizingatiwa, usalama wake ni mkubwa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliohusu ganzi za sehemu zaidi ya 100,000 zilizotolewa kwa watoto, haukuonyesha hata mtoto mmoja aliyebaki na ulemavu wa kudumu wa neva.

Hali ya hospitali zetu

Je, elimu hii inafaa kwetu? Jibu ni kwamba inafaa kwetu pengine kuliko kwa wengine. Mofini ni dawa njema, lakini inaweza kupunguza pumzi, na mtoto anayeitumia anahitaji kuangaliwa kwa karibu usiku kucha. Tena haipatikani sawasawa duniani. Tume ya wataalamu iliyotoa taarifa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya takriban tani 299 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Ganzi ya sehemu hutolewa mara moja, mchana, wakati mtaalamu yupo. Nayo humlinda mtoto katika saa zile za kwanza ambazo uchungu ndio mkali zaidi.

Mahitaji yapo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa Mbulu, Hanang na wilaya jirani. Katika Bonde la Ufa maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi, na mtoto anayeyanywa tangu utotoni huweza kupinda miguu. Ili kuinyoosha, mfupa hukatwa na kuungwa upya, upasuaji wenye uchungu mwingi ambao ganzi ya sehemu inaufaa sana. Mjini Arusha kuna nyumba iitwayo The Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, inayowatunza watoto wa namna hiyo kabla na baada ya upasuaji. Na maafa hayapigi hodi: mafuriko ya matope yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 yalileta majeruhi wengi kwa mara moja, nayo yalitukumbusha kwamba hospitali ya wilaya inaweza kuletewa viungo vilivyovunjika bila taarifa.

Bupivakeini yenyewe si ngeni kwetu. Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hupewa ganzi ya uti wa mgongo kwa dawa hiyo hiyo. Lakini ile ya akina mama mara nyingi huchanganywa na sukari ili iwe nzito na ishuke katika maji ya uti. Ya ganzi ya kifandugu ni ile isiyo na sukari. Kwa hiyo hospitali inaweza kuwa na kabati lenye bupivakeini na bado isiwe na dawa inayomfaa mtoto, kwa sababu tu hakuna aliyeiandika katika orodha ya kuagiza.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa watu. Tume nyingine ya The Lancet, ya mwaka 2015, ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Tanzania bado iko mbali na kiwango hicho, na katika wilaya nyingi kazi ya usingizi hufanywa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea fani hiyo. Taifa lilijiwekea mpango wa upasuaji, uzazi na usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025. Mpango wowote wa namna hiyo hupimwa hatimaye wodini: je, muuguzi wa usingizi amefundishwa kumchoma mtoto ganzi kwa usalama? Je, mizani ipo? Je, maumivu yanaandikwa?

Wajibu wa shule

Mwalimu wa biolojia anaweza kulifundisha somo la neva kwa kutumia mfano wa mtoto aliyepasuliwa, na wanafunzi watauona uhai wa somo hilo. Mwalimu wa kemia anaweza kueleza kwa nini asilimia 0.25 ni gramu 0.25 katika mililita 100, na mwalimu wa hesabu akatoa mazoezi ya kuzimua dawa. Tunapendekeza maswali haya yajadiliwe darasani:

1. Mtoto ana uzito wa kilo 8. Ni mililita ngapi za bupivakeini ya asilimia 0.25 zinazofikia kikomo chake? Na za asilimia 0.5 je?

2. Kwa nini mtoto aliyelazwa kwa nusukaputi bila ganzi huonyesha ongezeko la mapigo ya moyo anapokatwa, ingawa hajui linalotendeka?

3. Eleza kwa nini mtoto wa mwezi mmoja hupewa dawa kidogo kwa kila kilo kuliko mtoto wa miaka mitano.

4. Katika kijiji chenu, watu husema nini mtoto anapolia baada ya kupasuliwa? Ni maneno gani kati ya hayo yanapatana na yale tuliyoyaeleza, na ni yapi yanapaswa kubadilishwa?

Swali la nne lisidharauliwe. Mzazi anayejua kwamba uchungu wa mwanawe unaweza kuzuiwa atauliza, kabla ya mtoto kuingizwa chumba cha upasuaji: atapewa ganzi gani, itadumu saa ngapi, na ikiisha atapewa nini? Ana haki ya kuuliza hivyo, na swali lake humkumbusha mganga wajibu wake. Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma makala haya huko Endagikot, Dongobesh, Katesh na kwingineko, wapo watakaosimama siku moja kichwani pa meza ya upasuaji wakiwa na bomba la sindano mkononi. Waanze sasa kuzijua hesabu zake.